Mnaokuja Marangu Desemba, naombeni tuongee kuhusu Januari (uzi mrefu kidogo)

Kitinda wa Marangu

Shimbonyi wadau. Hii kitu nimekaa nayo kifuani tangu mwaka jana, nikaona bora niandike sasa hivi Septemba kabla hamjaanza kuhangaikia tiketi, maana ikishafika Desemba hakuna anayemsikiliza mwenzake, kila mtu anawaza mbuzi wake na kikao cha ukoo wake.

Mimi naishi Marangu, juu kidogo ya Mtoni, njia inayopanda kwenda geti la mlima Kilimanjaro. Ni kitinda mimba, na mnajua kwetu kitinda ndo anabaki na nyumba ya baba na mama yake, kwa hiyo baba alipofariki 2014 nilifunga kibanda changu cha simu Dar nikarudi na sijaondoka tena. Sebuleni kwangu ukutani nimepigilia misumari saba, na kila msumari unaning'inia funguo za nyumba ya mtu. Wenyewe wako Dar, Arusha, Mwanza, mmoja yuko Marekani. Kazi yangu ni kufungua madirisha kila wiki ili ndani kusishike ukungu, kufagia, kukata majani uani, kuweka luku, mvua ikivujia dari nipige picha nitume. Wengine wananilipa, wengine ni ndugu wa damu siwadai.

Sasa kuanzia tarehe 18 au 19 Desemba ile misumari inaanza kubaki mitupu mmoja mmoja. Barabara ya kutoka Himo inajaa gari za namba zote, taa zinawaka hadi kule juu ambako mwezi mzima kulikuwa giza, kanisani watu wanakaa nje kwenye viti vya plastiki, ubatizo, kipaimara, harusi mbili kwa siku moja, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa kwenye kila boma, watoto wa Dar wanakimbia migombani na viatu vyeupe hawajui wanakanyaga matope ya nani. Nasema kwa moyo mmoja hicho kipindi nakipenda kuliko kitu chochote kwenye mwaka. Mama yangu ana miaka 81 na ile wiki anatembea bila fimbo, nimemwona kwa macho yangu.

Halafu tarehe 2 Januari asubuhi funguo zinarudi. Mnapita mmoja mmoja na gari imeshapakiwa ndizi na parachichi, mnanipa funguo, mnaniambia tutaongea. Tarehe 5 misumari yote saba imejaa. Ukitoka nje jioni ukiangalia bonde zima unahesabu taa, na mimi nimewahi kuhesabu kwenye mtaa wetu zikawa nne. Nyumba saba za vyumba vinne vinne mpaka sita, tailizi, geti la chuma, tanki juu, na mwezi wa tatu hakuna roho hata moja inayolala ndani.

Kilichonifanya niandike lakini ni maji. Ukoo wetu tulikuwa na mfongo. Kwa wasiotoka huku, mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu unaokinga maji mtoni kule juu karibu na msitu ukayaleta mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, una mzee wake anayegawa zamu, leo boma hili kesho lile, na siku ya kuusafisha wanatoka wanaume wote. Mfongo wetu umekufa taratibu, kila mwaka wa kuusafisha tunakuwa pungufu kuliko mwaka uliopita, mwisho tukabaki wanne na wawili ni wazee. Sasa tarehe 27 Desemba mwaka jana kwenye kikao cha ukoo, pale chini ya mti na nyama ipo na mbege ipo, ikaamuliwa tuachane na mfongo tuvute bomba mpaka kwenye tanki la pamoja. Hela zikachangwa palepale, mabomba yakanunuliwa Moshi mjini tarehe 30, yakaletwa. Tarehe 2 watu wakaondoka.

Mabomba yale yapo mpaka leo pembeni ya ua wa jirani yangu, majani yameyafunika. Hakuna mtu aliyekula hela hata shilingi, hilo naomba lieleweke. Shida ni kwamba waliopanga njia ya bomba waliipanga kwa kuonyesha kidole, na njia yenyewe inakatiza vihamba vya watu watatu ambao hawakuwepo kwenye kikao. Mmoja ni bibi mjane, mpaka wake una masale, ile mimea yetu ya kuweka mpaka, aliyopanda marehemu mumewe, nani anakwenda kung'oa masale ya marehemu? Na pale mlipoonyesha pawe chanzo, masika ya Machi mpaka Mei maji yanabeba mawe makubwa kuliko pikipiki, kila anayeishi huku anajua. Hatukuulizwa. Sisi tunaobaki tulikuwa tunazungusha nyama.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba maamuzi ya kijiji yasifanywe kwenye zile siku kumi peke yake na watu wa zile siku kumi peke yao. Naomba michango ya mawazo, na mnaotoka Rombo, Kibosho, Machame, Old Moshi semeni kwenu ikoje.

Mangi wa Mbezi

Mdogo wangu nimesoma mara mbili. Mimi ni mmoja wa hao wenye geti la chuma, sio kwako ila ni Marangu hiyohiyo upande wa mashariki, kwa hiyo nitajibu kama mwenye kosa.

Hebu nikueleze kwanini tunajenga. Baba yangu alisomesha watoto sita kwa kahawa. Alikuwa anapeleka chama cha msingi, enzi hizo KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, ikilipa ada inatoka, mabati yanatoka. Mimi nimekuja kupata akili kahawa imeshaanguka bei, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya, kihamba cha ekari tatu kimegawanywa kwa wana wanne, kila mtu ana kipande ambacho hakiwezi kulisha mke na mtoto. Tungebaki tungekula nini? Tuliondoka kwa sababu ardhi iliisha. Halafu ukienda mjini, hata ukifanikiwa vipi, mtu mzima wa kwetu bila nyumba kihambani ni kama hana pa kuzikwa, na unajua sisi tunazikwa kihambani, sio makaburi ya manispaa. Ile nyumba ni ahadi kwamba nitarudi hata kama nitarudi kwenye jeneza. Baba yangu amelala pale mita ishirini kutoka dirishani kwangu.

Lakini kwenye la maji umenigusa pabaya, maana na sisi tulifanya hivyohivyo kwenye barabara ya kuingia kwetu. Tulichanga, tukamwaga kifusi tarehe 29, masika ikakibeba chote. Kaka yangu anayeishi huko alisema mtaro kwanza, tukamwona anachelewesha mambo. Nilikuwa sijaliwaza mpaka nimesoma hapa.

Dereva Njia ya Kaskazini

Mimi naendesha basi hiyo njia mwaka wa kumi na mbili sasa. Chalinze, Segera, Mombo, Same, Mwanga, Himo, nikifumba macho naiona. Ile wiki ya Krismasi LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini, wanatoa vibali vya muda hadi kwa magari ambayo kawaida hayaendi mikoani na bado abiria wanabaki stendi, na siku hizi tunatembea hata usiku. Treni iliporudi Moshi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20 ilisaidia wenye mizigo, lakini bado.

Ninachotaka kusema ni kingine. Tarehe 22 napandisha watu wanaimba. Tarehe 3 nawashusha hao hao, basi zima kimya, na nimeshaona wanaume wazima wanageuza uso dirishani tukitoka Himo wasionekane wanalia. Kwa hiyo ndugu Kitinda usidhani wanaoondoka wanaondoka wepesi.

Kitinda wa Marangu

Dereva asante sana kwa hilo, kweli sikuwa nalijua. Sisi tunaona tu vumbi la gari likishuka.

Mangi wa Mbezi kaka yangu wala sikukuita mwenye kosa na nisamehe kama ilisomeka hivyo, na la kuzikwa nalielewa kabisa, baba yangu naye yuko hapa nyuma ya nyumba, kila asubuhi napita pale nikienda kwa ng'ombe.

Mkazi wa Tandika

Samahani mimi sio wa huko, ni mtu wa pwani, nauliza kwa nia nzuri. Si hao wageni wa Desemba wanaleta hela? Nasikia mbuzi mmoja bei ya shamba. Sasa mnalalamika nini?

Kitinda wa Marangu

Swali zuri na nalijibu kwa dhati. Ndiyo, hela inakuja. Bodaboda wetu zile siku kumi anapata hela ya miezi mitatu, wa saluni hapati usingizi, mwenye bucha anaajiri vijana wanne, mama anayepika mbege anaanza kununua ulezi Novemba. Mwaka jana mimi nilinunua mbuzi Oktoba kwa laki na ishirini nikamuuza tarehe 23 laki mbili na nusu. Hiyo hela ndo ilinunua sare na madaftari ya watoto wangu.

Ila fikiria biashara yote ya mwaka inakaa kwenye siku kumi. Kijana akishapata ile hela Januari anafanya nini? Wengi wanaitumia kama nauli. Kwa hiyo kila Desemba inatuletea watu na kila Januari inabeba vijana wawili watatu wanaoondoka na magari ya waliokuja, nimewahi kumpandisha mwenyewe kijana niliyekuwa namtegemea kwa kusafisha mfongo. Simlaumu, amekwenda kufanya kazi stoo ya mtu Kariakoo, analipwa kila mwezi.

Mgumu Mstaafu

Wakuu na mimi nichangie maana kuna msimu mwingine hamjautaja. Nimebeba mizigo mlimani miaka 17, sisi huku tunaitwa wagumu. Marangu ina wageni wa aina mbili, kuna hao wa Desemba na kuna wazungu wa kiangazi, Juni mpaka Oktoba halafu tena Januari mpaka mwanzoni mwa Machi. Njia ya Marangu ndo njia pekee yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo, Kibo, zingine zote ni mahema. Zamani mgeni akisema Kilimanjaro anamaanisha Marangu. Mzee wetu Yohani Kinyala Lauwo anayetajwa kuwa aliwaongoza Hans Meyer na mwenzake Purtscheller, wazungu wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889 alikuwa mtu wa hapahapa.

Siku hizi wengi wanapelekwa Machame na Lemosho, wanashukia Mweka, wanalala mjini, Marangu hawaioni kabisa. Wa Rongai wanaanzia upande wa Rombo wanashukia kwetu lakini wakifika getini gari inawasubiri imewashwa. Mgeni anakuwa amelipa hela nyingi sana lakini kijijini anaacha bei ya soda. Na ule mwaka 2020 wageni walipokatika kwa korona tulikaa miezi vijana wote wa geti hatuna hata mzigo mmoja. Oktoba ya mwaka huohuo moto ukawaka Kifunika kule juu ya Mandara, na waliopanda kuuzima kwa matawi na mapanga wengi walikuwa watu wa hivi vijiji. Nilikuwepo. Magoti yangu yaliisha rasmi wiki ile.

Ninachokiona mimi ni kwamba hizo nyumba saba zenye tailizi zingelaza wageni. Mtu anayetembelea maporomoko ya Kinukamori na Kilasia, au anayetaka kuona yale mahandaki waliyojifichia wazee wa zamani, analala wapi? Hoteli zipo chache na zina wenyewe. Nyumba ya mtu yenye vyumba vitano imefungwa miezi kumi na moja na nusu. Akilala mgeni, kuna mtu anafua shuka, kuna mtu anauza mayai, kuna kijana anaongoza kwenda kwenye maporomoko, na hizo kazi zipo hata mwezi wa nane.

Mwali wa Soni

Natokea Lushoto, naunga mkono mgumu hapo juu. Kwetu watu wanapanda kukimbia joto la Tanga na Dar, tangu Mjerumani, yeye alipaita Wilhelmstal na maofisa wake walikuwa wanapanda kupumzika kwenye ubaridi. Sasa hivi pale Irente na kule Mambo kuna wenyeji wanapokea wageni nyumbani kwao, wanapika wenyewe, wanatembeza wenyewe. Faida ni kwamba hela inabaki jikoni kwa mama. Ila na sisi shida ya maji na barabara kukatwa na mvua ipo vilevile, ile kona ya kupanda kutoka Mombo mvua ikizidi mawe yanashuka barabarani, msidhani tumemaliza.

Binti wa Kyala

Nimesoma huu uzi kazini nikashindwa kuendelea na kazi.

Mama yangu yuko huko Marangu peke yake na msichana wa kazi. Nilimleta Dar 2021 alipougua presha nikasema hapa hatoki. Nilimpa chumba chenye feni, akakaa wiki tano. Kila asubuhi ananiuliza ng'ombe amekula? Migomba imewekewa nguzo? Alikuwa anakaa kibarazani anaangalia ukuta wa jirani, na mtu aliyezoea kuamka anaangalia kilele cha Kibo leo unampa ukuta wa tofali. Wiki ya sita akaniambia mwanangu mimi nakufa hapa, nirudishe nikafie kwangu. Nilimrudisha, akapona. Presha ikashuka bila kubadilisha dawa.

Sasa mimi naenda Desemba kama wote. Na nimekuwa nikijihesabia nimeenda. Kaka Kitinda naomba uniambie ukweli, mwezi gani ni mgumu zaidi kwao?

Kitinda wa Marangu

Dada yangu, mwezi wa sita na wa saba. Kwa wazee hata masika ina nafuu kuliko ile miezi. Wingu linakaa juu ya migomba siku nzima, siku nne tano hujaona jua, Kibo huioni kabisa, kuni mbichi, magoti yanauma, na ndo mama zetu wanakaa jikoni kwenye moshi kutwa kwa sababu ndo penye joto. Simu zinapungua ile miezi. Januari mnapiga bado, Februari mnapiga, Juni kila mtu ana mambo yake. Jirani yangu bibi mmoja nilimkuta Julai mwaka huu hajawasha moto siku mbili, hakuwa mgonjwa, aliniambia tu hakuona anampikia nani. Nikamleta kwetu akakaa na mama wakapika mtori wakala wote wawili kwenye sahani moja.

Ukiweza kuja siku tatu za Julai, hata kama Desemba usije, kwake itakuwa kubwa kuliko mbuzi wa aina yoyote.

Binti wa Kyala

Nimeomba likizo ya Julai tayari, nimejaza fomu mchana huu.

Mangi wa Mbezi

Mdogo wangu, tufanye hivi. Kwenye grupu letu la ukoo la WhatsApp huwa tunaongea msiba na michango tu. Kwanini kikao cha maji kisifanyike Novemba, nyie mnaoishi huko mkae wenyewe kwanza, muandike mnachotaka, mtutumie, sisi Desemba tuje kusikiliza na kulipa? Kwa sasa tunakuja kuamua halafu nyie mnabaki mnatekeleza, na nilivyosoma hapa imekaa kinyume. Hilo la mafundi wa kuchimba nalo tulitengee hela ya mshahara, vijana wa huko wachimbe Januari na Februari kukiwa kukavu, walipwe kila wiki. Msitegemee nguvu ya bure ya watu wanne, hao wanne wamechoka.

Mkazi wa Tandika

Mimi nimejifunza kitu, kwetu pwani wanaorudi wanarudi Idi, na na sisi tuna nyumba za hivyo za kufungwa. Nafuatilia uzi.

Kitinda wa Marangu

Mrejesho, leo ni wiki ya pili ya Novemba.

Tulikaa jumamosi iliyopita baada ya mazishi ya mzee mmoja, tukawa kumi na tisa, wanawake kumi na mmoja. Kilichonishangaza ni kwamba wanawake ndo wanajua njia ya maji kuliko sisi wote kwa sababu ndo wanaokwenda kuyachota. Bibi mwenye masale alikuwepo. Tulimpelekea kwanza jani la isale nyumbani kwake kama inavyotakiwa, kumwomba radhi kwa kupanga njia kwenye kihamba chake bila kumwambia. Alilia. Halafu akasema bomba lipite ila lipite upande wa chini penye mgomba uliokufa, masale yasiguswe, na akatuonyesha kwa fimbo yake mpaka wapi. Ni njia fupi kuliko ile ya Desemba kwa kama mita arobaini, tumeipima kwa kamba.

Chanzo tumekihamishia juu penye jiwe kubwa ambapo mzee wa mfongo alikuwa anasema tangu zamani. Mabomba tumeyatoa majani, tumeyakagua, mawili yamepasuka, mengine mazima. Bajeti ya vijana sita kuchimba wiki tano imetumwa kwenye grupu na Mangi wa Mbezi na wenzake wameshaanza kuchangia, kuna mtu wa Marekani katuma ya wiki mbili peke yake. Kuchimba ni kuanzia tarehe 6 Januari, nyie mkiwa mmeshaondoka.

Na kuhusu nyumba, wenye nyumba wawili kati ya wale saba wamekubali nijaribu kulaza wageni humo kuanzia Juni, hela ya shuka na usafi inakwenda kwa dada wawili wa hapa, tutaona. Wengine watano bado wanafikiria na sina haraka nao, nyumba ni za kwao.

Mwenye nyumba ya bati la kijani, najua unasoma humu: kufuli la stoo lilikwama kwa kutu nimelikata, nimeweka jipya, funguo ziko msumari wa tatu. Na dirisha la chumba cha watoto kioo kimoja kimeanguka, njoo na vipimo, ni sentimita 40 kwa 55.

Dereva Njia ya Kaskazini

Kioo nipe mimi nikipandishe tarehe 20, nitakifunga kwenye godoro. Nishushie nani Himo?

Kitinda wa Marangu

Nitashuka mwenyewe.